Mguu wa Kiti cha Bibi

Hakuna mtu katika mtaa wetu anayeweza kusimulia habari ya kiti hiki vizuri kama mimi. Ni kweli tupu. Ila niongeze kwamba hakuna mwingine aliyewahi kujaribu, na wale walionisikiliza mara ya kwanza walikuwa wamepanga foleni ya maji, hawakuwa na pa kukimbilia.

Basi tuanze asubuhi. Msichana wa habari hii alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina lake la shule lipo, lakini nyumbani kwa babu yake aliitwa Maranda. Maranda ni yale maganda mepesi ya mbao yanayojikunja yakitoka kwenye randa. Alipokuwa anatambaa aliyaokota akayala, na babu yake akasema mtoto huyu akiachwa aendelee, siku moja atatapika kabati.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kila likizo Maranda alikwenda kwa babu na bibi, na mama yake alimpangia nguo kwenye begi huku akiimba. Safari hii hakuimba. Alifunga zipu, akasema, "Nenda ukakae na babu yako, mwanangu. Ile nyumba isiwe kimya." Bibi alikuwa amefariki. Aliugua kifua, akapelekwa hospitali, akaacha maagizo kwamba birika lisiguswe, atarudi kupika chai ya jioni mwenyewe. Hakurudi.

Kwa hiyo kila asubuhi Maranda alifagia ua, akabandika birika, akamimina chai. Siku za mwanzo mkono ulikuwa umezoea vikombe vitatu, ukamimina vitatu. Babu alikunywa cha kwake. Kisha alikivuta na kile cha tatu akakinywa, ili mjukuu asione kwamba amekosea.

Akimaliza chai, Babu aliingia bandani.

Babu hakuwa seremala wa kazi. Maisha yake yote aliendesha basi. Alipostaafu, watu wakadhani atacheza drafti kivulini kama wenzake, lakini yeye alijenga banda nyuma ya nyumba akaanza kuchonga mbao kwa kujifurahisha. Alitengeneza vibao vya kukatia mboga, stuli, rafu za vitabu, vijiko vya mti. Ukuta wa banda ulijaa vyombo vyake: misumeno, randa, patasi, nyundo, tupa, bisibisi. Kila chombo kilichorewa umbo lake kwa penseli pale kinaponing'inia, hata ukikitoa, ukuta unakuuliza kiko wapi.

Tangu Bibi azikwe, Babu aliingia humo kunoa tu. Alishusha patasi, akalowesha kinoo, akalaza upande wa mshazari juu ya jiwe na kuupeleka mbele na nyuma bila kuyumbisha mkono. Kisha aligeuza upande bapa, akausugua kidogo kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki kwenye makali. Akajaribu kwenye nywele za mkono wake wa kushoto. Zikanyoleka. Akairudisha patasi ukutani, akafunga banda. Kesho yake aliishusha patasi ile ile.

"Babu, hiyo si uliinoa jana?"

"Niliinoa."

"Na hujakatia kitu."

"Makali yana tabia ya kusahau," Babu alisema, akaendelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna unywele hata mmoja.

Kwenye kona ya banda, chini ya kitambaa, kulikuwa na kiti cha Bibi. Babu alikitengeneza alipokuwa kijana anaposa, hajui hata randa inashikwa vipi, na hadi leo upande mmoja umepanda kidogo kama mtu aliyeinua bega. Ni kifupi, kipana, cha mti wa mtiki. Hapo ndipo Bibi alipokaa kuchambua mboga, kusuka wajukuu na kugombana na watangazaji wa taarifa ya habari. Siku moja mguu wa mbele ukavunjika. Bibi akakiegemeza kiti kwa matofali, akamngoja fundi wake.

"Fundi wangu, lini?" alikuwa akiuliza.

"Kesho, mke wangu."

Kesho, Babu alitengeneza rafu ya jirani. Kesho nyingine alitengeneza stuli ya mwalimu. Bibi alizoea kuwaambia wageni, "Kaeni, kaeni, karibuni. Viti vya mtaa huu vyote ni kazi ya mume wangu. Mimi nakalia matofali kwa kuwa sikubahatika kuwa jirani yake."

Alicheka akisema hivyo, na Babu alicheka pia. Sasa yale maneno Babu aliyasikia peke yake, na hayakumchekesha.

Juu ya boriti za banda alikuwa ameweka kipande kimoja cha mtiki ule ule aliochongea kiti, akikitunza miaka yote hiyo. Kilitosha mguu mmoja, basi.

"Nitauweka ule mguu," alimwambia Maranda, akikitazama kipande kile kutoka chini. "Mama yako akija kukuchukua, akute kiti cha mama yake kinasimama chenyewe. Hilo moja tu nikilifanya, nitaweza kulala."

"Utaanza lini, Babu?"

"Ke..." Babu alianza. Akatoka nje, akajifanya anaangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Baada ya siku chache Babu alikwenda kliniki kupima presha. Aliacha ufunguo wa banda mezani, na Maranda akakata shauri. Kama Babu anashindwa kuanza, yeye ataanza. Babu atarudi akute mguu umekatwa, kazi iliyobaki ni kuuchomeka tu.

Hakuwa peke yake. Msichana wa nyumba ya pili, waliyemwita Redio kwa kuwa betri zake hazikuwahi kuisha, alikuwa ameshafika na kukaa juu ya debe.

"Umeruhusiwa?" Redio aliuliza.

"Ni zawadi. Zawadi haiombewi ruhusa."

"Haya. Mimi niko hapa kama shahidi. Ila ukijikata kidole, mimi nilikuwa kwetu."

Tusimseme vibaya Maranda, kazi aliijua. Aliichonga penseli ikawa na ncha nyembamba, maana mstari mnene hausemi ukate wapi. Alipima mguu mzima wa kiti kutoka sakafuni hadi chini ya kikalio, akahamishia kipimo kwenye kile kipande cha mtiki alichokiteremsha, akauzungusha mstari pande zote nne mpaka ukakutana na mkia wake. Alikibana kipande kwenye jiliwa na kuweka vibao laini pande zote mbili ili meno ya chuma yasikitie alama. Akaupaka msumeno nta ya mshumaa usikwame. Alianza kwa kuuvuta nyuma taratibu mpaka ukapata njia, na akauweka upande wa mbao inayotupwa, mstari ukabaki mzima. Hakuusukuma kwa nguvu. Aliuacha ukate kwa uzito wake, kama alivyofundishwa.

Kipande kikaanguka. Mkato ulikuwa safi, umenyooka kama ukingo wa meza. Hata Redio alinyamaza, jambo ambalo kwao wangelipigia makofi.

Maranda akakilaza kiti kichwa chini, akashika mguu uliovunjika na kuuchezesha mpaka ukachomoka. Kichwani mwa mguu ule kulikuwa na kitu kingine.

"Hicho kinachotokeza ni nini?" Redio aliuliza.

Ulikuwa ulimi, ile ncha inayochongwa kwenye mguu ili iingie ndani ya tundu la kikalio na kushika. Urefu wa kidole gumba. Miaka yote ulikuwa umejificha ndani ya tundu, hauonekani, na ndio uliokibeba kiti. Maranda alikuwa amepima mguu unaoonekana. Ulimi hakuupima.

Alisimamisha mguu mpya kando ya ule wa zamani. Ulikuwa mfupi, mfupi kwa ulimi mzima.

"Si ukate na ile mingine mitatu, ilingane?" Redio alisema.

"Kiti cha Bibi kiwe cha mwanasesere?"

"Basi unga kwa kile kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa kipande cha kukorogea rangi. Maranda alikishika mkononi. Mtiki wa kiti ulikuwa kipande kile kimoja tu cha kwenye boriti, na kisingepatikana kingine popote.

Hapo wakasikia kikohozi cha Babu getini.

"Sema mchwa," Redio alinong'ona, tayari ameshafika mlangoni. "Mchwa hawana mdomo wa kujitetea." Akapotea. Alikuwa kwao, kama alivyoahidi.

Maranda alifunga mguu mpya ndani ya gazeti, akausukuma nyuma ya magunia, akakifunika kiti. Babu aliingia akitembea upesi kuliko siku zote. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Muuguzi amenigombeza," alisema. "Ameniambia, mzee, mikono yako isikae bure, inakula moyo wako. Nimewaza njia nzima. Leo naanza, mjukuu wangu. Leo hii, si kesho. Niteremshie kile kipande cha mtiki."

Fikiria mwenyewe. Siku zote zile alishindwa, na siku aliyopata nguvu ndiyo ile. Maranda alimtazama usoni, akaona nuru ambayo hakuiona tangu mazishi, na ulimi wake mwenyewe ukamponyoka.

"Babu, mchwa wamekila."

"Mchwa?"

"Wamekila chote. Nilikishika kikawa unga. Nimekitupa jalalani."

Babu hakuuliza jalala lipi. Alitazama juu kwenye boriti, akaona ni patupu. Alivua kofia taratibu, akaketi juu ya matofali ya Bibi, kando ya kiti.

"Nimechelewa," alisema. "Nilimwambia kesho, kesho, mpaka mchwa wakanitangulia."

Akateremsha mikono ya shati, akafunga vifungo vyote, akatoka.

Tangu siku hiyo hakuingia bandani hata kunoa. Nywele za mkono wake wa kushoto zikaanza kuota. Chai iliganda utando juu. Maranda alihamishia ule mguu chini ya godoro lake, na kila alipojigeuza ulimgusa mbavuni kama mtu anayemkumbusha jambo.

Alijaribu kusema. Kweli alijaribu.

"Babu."

"Naam."

Alivuta pumzi. "Chai ina sukari?"

"Inayo, mama."

Kila alipoahirisha, neno lilizidi kuwa zito. Mwanzoni lilikuwa kosa la kipimo. Sasa Babu alikuwa anakonda kwa ajili ya uongo.

Redio ndiye aliyeleta habari. "Babu yako ameonekana kwa fundi baiskeli," alisema. "Juzi kampelekea bisibisi zote. Jana tupa. Fundi anasema ni za bure, kapewa tu. Kwenu mnahama?"

Maranda alikimbilia bandani. Ukutani, umbo baada ya umbo la penseli lilikuwa tupu. Bisibisi hazipo, tupa hazipo, msumeno mdogo haupo. Na pale katikati, mahali pa ile randa kubwa ambayo Babu hakumruhusu hata jirani mpenzi kuigusa, palikuwa na mchoro tu.

Alikimbia barabarani. Alimwona Babu mbele, amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo, amekikumbatia kama anampeleka mtoto mgonjwa hospitali.

Fundi baiskeli alifanyia kazi chini ya bati, magurudumu yamening'inia juu ya kichwa chake. Alifungua taulo, akaona randa, akairudisha kwa Babu.

"Mzee wangu, bisibisi nimezipokea kwa heshima yako. Sasa randa nifanyie nini? Nichonge matairi?"

"Kaa nayo," Babu alisema. "Nyumbani kwangu kazi ya mbao imekwisha. Kila nikiitazama naona aibu yangu. Mke wangu aliniomba mguu mmoja wa kiti. Mti wake nimeuacha ukaliwa na mchwa mimi nimekaa nanoa patasi."

Fundi alikuna kidevu kwa mkono wenye grisi. "Mchwa wamekula mtiki? Hao meno yao walinoa kwako?"

"Babu," Maranda alisema nyuma yao.

Wote wawili waligeuka.

"Hakuna mchwa." Alisogea akasimama mbele ya Babu. "Niliukata mimi. Nilitaka kukufanyia zawadi. Nikasahau kupima ulimi, ukawa mfupi, nikauficha. Mchwa nilisema tu."

Fundi baiskeli aligundua ghafla kwamba kuna gurudumu linahitaji kuzungushwa, akalizungusha kwa makini sana.

Babu hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kiko wapi?" aliuliza.

"Chini ya godoro."

"Twende."

Walirudi nyumbani, Babu amebeba randa yake. Maranda alitamani hata achapwe, apate pa kulilia. Babu alikaa kitandani kwa Maranda, akafungua gazeti, akaugeuza mguu huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha ukucha kwenye mkato.

"Huu mstari uliukata wewe?"

"Mimi, Babu."

"Umenyooka."

Hapo ndipo Maranda alipoanza kulia. Babu alimwacha alie kwanza.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini?" alisema baadaye. "Kila jioni nasimama kwenye mlango wa chumba cha bibi yako, namwomba radhi kwa ajili ya mchwa. Mzee mzima, namweleza marehemu habari za mchwa ambao hawapo." Akataka kucheka, kicheko kikatoka kimevunjika. "Na la kushangaza, mimi naijua mbao. Nimewaambia watu miaka yote kwamba moyo wa mtiki mchwa hawaugusi. Lakini uliposema, niliamini hapo hapo. Nilikuwa nimeshajihukumu, nilikuwa natafuta shahidi tu. Ukajitokeza wewe."

"Nisamehe, Babu."

Babu alifuta macho yake, akafuta na ya mjukuu wake kwa taulo ile ile ya randa, wakabaki wote wawili na alama za mafuta mashavuni.

"Nenda kalete ule mguu uliovunjika," alisema. "Ulimi tutautengeneza peke yake."

Kazi ilichukua siku nzima, na kwa faida ya anayetaka kujaribu kwao nitaieleza. Mguu mpya ulikuwa na urefu sahihi wa kuonekana. Kilichokosekana ni ncha ya kuingia ndani. Basi wakachimba tundu kichwani mwa mguu mpya pia, kwa patasi nyembamba, wakianzia katikati na kwenda pembeni, kidogo kidogo. Maranda ndiye aliyechimba. Babu alikuwa na neno moja tu, alilirudia mpaka likamchosha hata yeye: "Mikono yote nyuma ya makali. Nyuma ya makali, mama."

Ule mguu wa zamani ulikuwa umepasuka chini, lakini juu ulikuwa mzima. Humo wakatoa kijiti bapa cha kutosha kujaza matundu mawili, la mguu na la kikalio. Babu alikipiga randa, akikilaza ili nyuzi za mti zielekee anakokwenda, kwani ukizikabili kinyume zinanyanyuka kama nywele za paka. Maranda alikijaribu.

"Kimekaza, Babu. Nikigonge kwa nyundo?"

"Ukikigonga utapasua kiti. Kiingie kwa kusukumwa na kiganja. Toa unyuzi mmoja, jaribu. Toa mwingine, jaribu."

Walikijaribu kikavu kwanza, bila gundi, wakakisimamisha kiti na kukitazama kwa mbali. Kisha wakakitenganisha, wakapaka gundi ndani ya matundu na kwenye kijiti, wakaunga, wakakizungushia kamba na kuisokota kwa kipande cha fimbo mpaka ikabana. Gundi ikachuruzika kwenye maungio. Babu alimpa kitambaa kibichi.

"Futa sasa hivi, ingali laini. Ikikauka hapo utaikwangua wiki nzima na bado itaacha doa. Kesho asubuhi itakuwa imeshika."

Maranda alifuta. Babu alimtazama mikono, kisha akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia na abiria wakorofi aliowapenda:

"Kukosea kipimo hakujaniumiza. Anayechonga mbao hukosea, na mimi nimekosea zaidi yako. Ungekuja nacho siku ile ile, umekishika mkononi, hata kama unatetemeka, tungefanya hivi hivi tulivyofanya leo na jioni tungekunywa chai. Kilichoniumiza ni zile siku ulizoniacha na uongo nikiuishi kama ukweli. Mimi nitakusaidiaje kwa jambo ulilonificha? Ukikosea, njoo useme. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo, kama ulivyokuja kwa fundi baiskeli. Palikuwa pagumu pale, na mbele ya mtu, na ulisema. Hilo nimeliona."

"Ndiyo, Babu."

"Na mimi nina la kwangu, nalo halina gundi. Bibi yako aliniomba kitu kidogo akiwa hai, ningekifanya kwa siku moja. Leo nimekifanya, na hayupo wa kukikalia. Wewe ukiombwa kitu na mtu wako, mfanyie angali anaona."

Asubuhi walifungua kamba. Kiti kilisimama chenyewe. Mguu mpya ulikuwa mwekundu kidogo kuliko ile mingine. Babu alikibeba akakiweka mlangoni pa jikoni, pale pale pa siku zote. Halafu wote wawili wakabaki wamesimama, hawajui la kufanya na kiti kizima. Chai waliinywa kando yake. Hakuna aliyekikalia.

Fundi baiskeli alirudisha vyombo vyote ndani ya karai, akasema bisibisi moja amebaki nayo kama kumbukumbu ya wazimu wa mzee. Maumbo ya ukutani yakajaa. Asubuhi Babu alinoa, na baada ya kunoa alikata kitu. Zilipita siku za namna hiyo mpaka likizo ikaisha.

Mama yake Maranda alifika mchana, na vumbi la safari miguuni. Babu alikuwa kwenye mlango wa banda, amewapa mgongo, anakunja kipande cha msasa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa vizuri. Tangu aamke alikuwa anakikunja kipande hicho.

"Shikamoo, Baba. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimemfuata mtoto."

"Marahaba, mwanangu, karibu." Hakugeuka. "Sasa hapo kuna tatizo kidogo. Kuna kile kiti cha mama yako, tumekitia mguu. Gundi bado haijashika."

"Haijashika?"

"Bado. Ni gundi ya kizamani, inakauka polepole mno. Inaweza kuchukua hata wiki mbili. Na Maranda ndiye fundi wake, hawezi kuiacha kazi njiani. Ningemruhusu, lakini gundi hairuhusu."

Maranda, aliyekuwa kwenye ngazi na begi lake, alimtazama Babu, akamtazama mama, akaziba mdomo kwa mkono.

"Mtu asikiguse kabisa," Babu aliendelea, akiukunja msasa upya. "Akikikalia mtu sasa hivi, kinaachia chote, tunaanza upya. Labda likizo ijayo ndiyo kitakuwa tayari. Wewe nenda tu, mimi nitakaa naye, tutakilinda."

"Baba," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa maji. "Geuka."

Babu aligeuka. Binti yake alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni juu ya kiti cha mama yake, ameketi kwa uzito wake wote, mikono yake imeshika kingo mbili za kikalio, na machozi yanamdondoka mapajani. Alikuwa amekaa hapo tangu alipofika. Kiti hakikutoa hata mlio.

Babu alimtazama yeye, akautazama mguu, akautazama msasa mkononi mwake, akakosa pa kuutia.

"Basi usiinuke," alisema hatimaye. "Kaa hivyo hivyo mpaka ikauke."